Nani Alijua, na Alipata Nini kwa Kujua?

Hotuba hii niliitoa mjini Morogoro mbele ya wenye viwanda vidogo, mafundi, wafanyabiashara wa sokoni na wanafunzi wa biashara. Wengi waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka hapa yote kama nilivyoizungumza, bila picha zilizoonyeshwa ukutani.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, wenye viwanda na karakana, mafundi, kina mama na kina baba wa sokoni, na ninyi vijana wangu wa chuo mliojaza viti vya nyuma: itifaki imezingatiwa. Asanteni kwa kuacha shughuli zenu siku ya kazi mkaja kusikiliza habari za utafiti. Najua habari za utafiti huwachosha watu. Leo naomba mnivumilie, kwa sababu nitakayoyasema yanahusu fedha inayopotea ndani ya karakana na mabanda yenu wakati huu huu tunapozungumza.

Mliniomba nieleze watafiti wamegundua nini kuhusu kampuni, wafanyakazi na wateja wa Asia. Asia ni kubwa, ndugu zangu. Japani si India, na India si China. Mtu akisimama mbele yenu akasema "Waasia wanafanya biashara hivi", msimwamini. Mimi nitawapeleka katika miji michache tu, kwenye kazi zilizofanywa ndani ya viwanda na masoko yenyewe, ambako mtafiti alihesabu vipande, akapima utamu wa matunda, akakaa na mafundi. Na kila tutakapofika nitauliza maswali yale yale mawili. Nani alijua? Na alipata nini kwa kujua?

Kuna maelezo mawili tuliyoyazoea tunapoulizwa kwa nini wenzetu wametutangulia. La kwanza, wana mashine na mtaji. La pili, ni watu wa nidhamu, kazi iko kwenye damu yao. La kwanza lina ukweli. La pili silikubali hata kidogo, na kabla sijashuka hapa nitawapa sababu.

Tuanze na mpira wa miguu. Nani hapa hajui mpira?

Sialkot ni mji wa jimbo la Punjab, Pakistan, karibu na mpaka wa India. Mipira mingi inayoshonwa kwa mkono duniani hutoka huko. Mpira ule wa kawaida, wenye madoa meusi na meupe, una vipande 32: 20 vya pembesita na 12 vya pembetano. Vipande hivyo hukatwa kutoka kwenye pande kubwa la ngozi ya bandia. Fundi hulaza ngozi mezani, huweka juu yake chuma cha kukatia chenye umbo la kipande, mashine inagandamiza, kipande kinatoka. Anasogeza chuma, anakata tena. Kutwa nzima.

Sasa angalieni. Pembesita hukaa pamoja bila kuacha nafasi, ndiyo maana nyuki wanajengea umbo hilo. Pembetano hazikubali. Uzipange utakavyo, katikati kutabaki vipande vya ngozi visivyo na kazi, na ngozi hiyo umeinunua.

Wachumi watano, David Atkin, Azam Chaudhry, Shamyla Chaudry, Amit Khandelwal na Eric Verhoogen, walifika Sialkot na chuma kipya. Kilikata pembetano nne kwa mkupuo, zikiwa zimebanana kwa mpangilio ambao wanahisabati wamekuwa wakiujua kwa miaka. Pande lililokuwa likitoa pembetano kama 250 sasa lilitoa zaidi ya 270. Hakuna mashine mpya, hakuna mkopo, hakuna umeme wa ziada. Mwaka 2012 wakachagua viwanda 35 kwa kura ya bahati nasibu, wakavipa chuma hicho bure, wakaonyesha namna ya kukitumia.

Mngetegemea nini? Mimi ningetegemea kwamba baada ya mwezi mmoja mji mzima ungekuwa unakata kwa chuma kipya. Mipira ni biashara ya faida nyembamba, senti chache kwa kila mpira ndizo zinazokupa au kukunyima oda.

Baada ya miezi 15, kati ya viwanda 35 vilivyopewa, ni vitano tu vilivyokuwa vikikitumia. Vitano!

Kwa nini? Msiseme wenye viwanda wa Sialkot ni wajinga. Hao ni watu wanaouza duniani kote. Watafiti walipouliza, jibu lililorudi mara nyingi lilikuwa kwamba wakataji hawakitaki kile chuma. Na wakataji hawakitaki kwa nini? Kwa sababu karibu wote wanalipwa kwa idadi ya vipande. Chuma kipya siku za mwanzo kinampunguza mwendo, mpaka mkono ukizoee. Ngozi inayookolewa ni mali ya nani? Ya mwenye kiwanda. Muda unaopotea ni wa nani? Wa fundi, na kwake muda ni chakula cha jioni. Basi fundi akamwendea tajiri akamwambia, bosi, hiki chuma hakifai. Na tajiri akakubali. Angekataaje? Katika kiwanda kile, nani anajua kukata kuliko mkataji?

Nani alijua? Mkataji. Alipata nini kwa kujua? Angepata hasara.

Watafiti hawakuishia hapo. Walirudi kwenye baadhi ya viwanda, tena kwa kura, wakamwambia mkataji mmoja na mchapaji mmoja, yule anayechapa michoro kwenye vipande: ukionyesha mbele ya mwenye kiwanda kwamba chuma hiki unakiweza, utapewa kitita cha mshahara wa mwezi, mara moja tu. Ilikuwa kama dola 150 kwa mkataji na dola 120 kwa mchapaji. Viwanda vilivyopata ahadi hiyo vikaanza kukitumia chuma kwa kiwango kikubwa kuliko vile ambavyo havikuipata. Chuma ni kile kile, mafundi ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sasa fundi naye alikuwa na chake ndani ya jambo.

Mtaniuliza, kwani mwenye kiwanda alishindwa nini kutoa fedha hiyo mwenyewe? Ni swali zuri kuliko yote, na nimelifikiria sana. Jibu langu ni hili. Hakujua kwamba kuna kitu cha kulipia. Anayeweza kumwambia kwamba chuma ni kizuri ndiye yule atakayeumia kikitumika. Na utaratibu wa kulipa kwa kipande umerithiwa kwa baba na babu, kila mtu mjini analipa hivyo, kuubadili kwa sababu ya chuma kimoja kunaonekana ni kujitafutia matatizo. Kwa hiyo tajiri na fundi wanafanya kazi chini ya paa moja, na katikati yao inakaa habari yenye thamani ambayo hakuna anayeisema.

Wewe mwenye karakana ya makochi uliyekaa pale mbele: unamlipa fundi wako kwa kochi. Siku akigundua namna ya kupanga mbao ili abakishe ubao mmoja kwa kila makochi mawili, atakuja kukuambia? Na akikuambia, atakwenda nyumbani na nini? Mama mwenye cherehani kumi: msichana anayekata vitambaa akiona njia ya kuokoa nusu mita kwa kila jora, ile nusu mita ni ya nani? Sisemi kulipa kwa idadi ni vibaya. Kunawahimiza watu kufanya kazi, nanyi mnajua hivyo. Nasema kunawahimiza kufanya jambo moja tu, na mengine yote kunayafungia mlango.

Twendeni China sasa, tuache kiwanda, tuingie sokoni.

Kuna mji unaitwa Shijiazhuang, makao makuu ya mkoa wa Hebei, kusini magharibi ya Beijing. Huenda jina hamlijui, lakini jambo lililotokea huko mwaka 2008 huenda mlilisikia. Kampuni ya maziwa ya Sanlu ilikuwa hapo. Wafugaji waliuza maziwa kwa wakusanyaji, wakusanyaji wakauza kiwandani. Kiwanda kilipima protini kwa kupima naitrojeni. Basi watu wakaongeza maji ili maziwa yawe mengi, kisha wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea sahani za plastiki, kwa sababu ina naitrojeni nyingi na kipimo kikiona naitrojeni kinasema protini ipo. Watoto wachanga wakanywa. Watoto wapatao 300,000 waliugua, na sita walifariki. Figo za watoto, ndugu zangu, zilijaa mawe.

Nani alijua? Hapa jibu linauma. Malalamiko ya wazazi yalikuwa yameifikia kampuni tangu mwishoni mwa mwaka 2007. Mwezi Agosti 2008 wakuu wa kampuni walijua, na umma haukutangaziwa mpaka Septemba, baada ya michezo ya Olimpiki ya Beijing kumalizika. Mkusanyaji alilipwa kwa kipimo, akakilisha kipimo. Mkuu wa kampuni alilipwa kwa mauzo, akalinda mauzo. Mama aliyekoroga maziwa usiku ndiye peke yake ambaye hakujua kitu, na ndiye aliyelipa.

Baada ya hapo wazazi wa China walitafuta maziwa ya kopo ya nchi za nje kwa hali na mali, mpaka Hong Kong mwaka 2013 ikaweka sheria kwamba msafiri asitoke na zaidi ya kilo 1.8, yaani makopo mawili. Na kampuni za maziwa za China ambazo hazikuhusika kabisa nazo ziliporomoka kwenye soko la nje. Mnunuzi wa mbali hana namna ya kutenganisha mwema na mwovu, akaona salama ni kuwaacha wote.

Miaka michache baadaye, katika mji huo huo wa Shijiazhuang, mtafiti anayeitwa Jie Bai alifanya kazi ninayoipenda kuliko zote nitakazozitaja leo. Alisoma matikiti maji.

Kina mama wa sokoni, hapa ninyi ndio walimu. Tikiti likiwa zima, nani anajua kama ni tamu? Mnunuzi anagonga, anasikiliza, anajifanya anajua, kisha anachagua kwa bahati. Muuzaji aliyefanya kazi hiyo miaka mingi anajua zaidi. Huko Shijiazhuang hali ilikuwa hivyo hivyo. Wauzaji waliweza kutenganisha matamu na ya kawaida, lakini walikuwa wanayauza yote kwenye rundo moja, bei moja. Mtu akitaka tikiti tamu na yuko tayari kuongeza fedha, hakuwa na pa kulinunua.

Wazee wetu walituachia methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Naiheshimu. Lakini sokoni Shijiazhuang chema hakikujiuza. Kilikaa kwenye rundo na kibaya, kikauzwa kwa bei ya kibaya, kwa sababu mnunuzi hakuwa na jicho la kukitambua. Kwa nini muuzaji asitenge rundo la matamu akaandika "haya ni matamu sana"? Kwa sababu kila muuzaji anaweza kuandika hivyo. Na mnunuzi aliyewahi kudanganywa haamini maandishi.

Jie Bai akachukua wauzaji 60, kila mmoja katika soko lake. Kundi moja akalipatia stika za kubandika kwenye matikiti bora. Kundi jingine likapata lebo iliyochorwa kwenye ganda kwa leza. Wengine hawakupata lebo. Akafuatilia familia zinazonunua katika masoko hayo, na akapima sukari ya matikiti kwa kipima utamu.

Stika hazikusaidia kitu cha maana. Watu wa China walishaona stika nyingi za kughushi, stika ni karatasi tu, yeyote anachapisha. Leza ilikuwa mpya, si rahisi kuigiza, na watu wakaamua kuijaribu. Walipojaribu wakakuta utamu uliosemwa upo kweli. Wakarudi. Muuzaji akaona kwamba wanarudi kwa sababu ya utamu, naye akawa mwangalifu zaidi asiweke lebo kwenye tikiti baya. Faida ya wauzaji wa leza ikapanda kwa kati ya asilimia 30 na 40. Tazameni mzunguko huo: imani ilimfanya muuzaji kuwa mkweli, na ukweli wake ukaongeza imani. Kwenye stika mzunguko huo huo ulikwenda kinyume. Mteja haamini, kwa hiyo muuzaji hana faida ya kuwa mkweli, kwa hiyo mteja ana haki ya kutoamini.

Kisha jaribio likaisha, mashine ya leza ikaondoka. Wauzaji wakarudi kwenye rundo moja na bei moja. Mashine ni ghali, muuzaji mmoja wa matikiti hawezi kuinunua, na msimu wa matikiti ni mfupi. Faida ilikuwa wazi kwa kila mtu, na bado ilipotea, kwa kuwa hakuna aliyekuwa mkubwa kiasi cha kuibeba gharama peke yake. Hapa ndipo ninapowaza juu ya vyama vya ushirika na vikundi vya sokoni. Muuzaji mmoja hawezi. Wauzaji 40 wenye alama moja, wanaokaguana wenyewe na kumtoa anayewaharibia, wanaweza. Na alama hiyo lazima iwe ngumu kughushi, na iwe na mtu wa kuadhibiwa ikidanganya. Tukibandika stika tu, tumerudi kule kule.

Nitapita haraka India. Karibu na Mumbai kuna viwanda vingi vya kufuma vitambaa vya pamba. Kuanzia mwaka 2008 Nicholas Bloom na wenzake walichukua viwanda 28 vya kampuni 17, wakavigawa kwa kura, sehemu yake wakavipelekea washauri wa uendeshaji kwa miezi kadhaa bila malipo. Walichokikuta kinafahamika kwa kila mmoja wenu: nyuzi zimerundikwa stoo bila orodha, vifaa havina mahali pake, kasoro za vitambaa zinaandikwa kwenye daftari ambalo hakuna anayelisoma. Kulikuwa na mambo 38 ya kurekebisha, mengi ya kawaida kabisa. Ndani ya mwaka wa kwanza tija ilipanda kwa asilimia 17.

Kilichonigusa katika kazi hiyo ni jambo jingine. Watafiti waliuliza, kwa nini kiwanda kinachoendeshwa vizuri hakikui kikameza wengine? Wakakuta kwamba ukubwa wa kampuni ulifuata sana idadi ya wanaume wa familia waliopo kuiendesha. Tajiri mwenye ndugu na watoto wa kiume wengi alikuwa na viwanda vingi. Mwenye mtoto mmoja alibaki na kimoja, hata kama yeye ni hodari kuliko jirani. Hakuthubutu kumkabidhi mtu wa nje, akihofia kuibiwa na kesi kukaa mahakamani miaka. Na mabinti? Hawakuhesabiwa kabisa. Nusu ya akili ya familia imekaa nyumbani, na tajiri analalamika kwamba hana mtu wa kumwamini. Nisameheni nikisema kwa ukali, lakini wazee wenzangu mlioko hapa, mabinti zenu wamesoma. Wapeni funguo za stoo.

Miaka kadhaa baadaye watafiti walirudi kwenye viwanda vile. Karibu nusu ya mambo yaliyorekebishwa yalikuwa yameachwa, hasa pale meneja wa kiwanda alipoondoka au wamiliki walipokosa muda. Mengine yalidumu, na tofauti na viwanda visivyosaidiwa bado ilionekana. Kwa hiyo mnaponiuliza semina ya wiki moja itabadilisha nini, jibu langu ni kwamba inategemea nani anabaki akiishika.

Nimewaahidi sababu ya kuikataa habari ya kazi kwenye damu. Ipo Japani.

Sakichi Toyoda alitengeneza mitambo ya kufuma. Mwaka 1924 alikamilisha mtambo uliojisimamisha wenyewe uzi ulipokatika. Kabla ya hapo uzi ukikatika mtambo uliendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu aone. Sasa mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mitambo mingi, kwa sababu mtambo wenye shida ulisimama ukangoja. Mwaka 1929 haki za mtambo huo ziliuzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza. Mwanawe Kiichiro alianzisha kazi ya magari, na mwaka 1937 kampuni ya Toyota Motor ikasimama. Wazo la mtambo likahamia kwa mtu. Kwenye mstari wa kuunganisha magari kuna kamba, na mfanyakazi yeyote akiona kasoro anaivuta. Msimamizi anakuja. Wasipomaliza tatizo kwa wakati, mstari unasimama. Mfanyakazi wa chini kabisa ana uwezo wa kusimamisha kiwanda.

Mtasema, hao ni Wajapani, wana utii wa asili. Hapana! Mwaka 1950 Toyota ilikaribia kufilisika, ikapunguza watu, wafanyakazi wakagoma kwa wiki nyingi, na Kiichiro Toyoda mwenyewe akajiuzulu. Je, huo ni utii wa asili? Baada ya mgogoro huo ndipo viongozi na chama cha wafanyakazi walipojenga makubaliano mapya, ajira yenye uhakika kwa upande mmoja na ushirikiano katika kazi kwa upande mwingine. Mwaka 1951 ukaanza utaratibu wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi. Utaratibu wa mapendekezo ulikuja baada ya mgomo. Mtu hatakuambia kazi ya wanne inaweza kufanywa na watatu, kama anajua wa nne ni yeye.

Na kama bado mnasema ni damu, sikieni hili. General Motors ya Marekani ilikuwa na kiwanda Fremont, California, kilichosifika kwa ubaya. Migomo, ulevi, siku nyingine mtu mmoja kati ya watano hafiki kazini. Mwaka 1982 wakakifunga. Mwaka 1984 Toyota na General Motors wakakifungua tena kwa ubia, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao kile kile. Wakapelekwa Japani kujifunza, wakapewa kamba, wakapewa ahadi juu ya ajira. Utoro ukashuka mpaka karibu asilimia mbili, na ubora wa magari ukakaribia ule wa Toyota yenyewe Japani. Mlevi wa juzi na fundi wa leo ni mtu mmoja. Damu yake haikubadilishwa.

Wengi wenu mmeshahudhuria mafunzo ya kaizen, njia ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, ambayo Wizara ya Viwanda na Biashara imeyaendesha pamoja na shirika la Japani la JICA. Ni kazi nzuri, naiunga mkono. Lakini nimeingia kwenye viwanda vyenye mabango ya kaizen kila ukuta, sakafu imepigwa rangi, vifaa vimechorewa mahali pake, na fundi anaogopa kusema kwamba mashine ya tatu inaharibu mali. Bango limewekwa. Kamba haijawekwa.

Jambo la mwisho ni dogo kwa gharama, na vijana naomba mliandike. Bangalore, India, katika viwanda vya nguo vya kampuni ya Shahi Exports, kima cha chini cha mshahara kilipanda kwa kiasi ambacho kiliwavunja moyo wafanyakazi, walitarajia zaidi. Achyuta Adhvaryu, Teresa Molina na Anant Nyshadham wakawachagua baadhi kwa kura, wakawapa fursa ya kujibu maswali kwa siri: unaonaje mshahara, msimamizi, mazingira ya kazi? Hawakuongezewa hata rupia moja. Waliopewa nafasi ya kusema walipungua kuacha kazi kwa kama moja ya tano ukilinganisha na ambao hawakuulizwa. Na Shanghai, kampuni ya usafiri ya Ctrip ilijaribu mwaka 2010 kuwaacha wapokea simu wafanyie kazi nyumbani. Kazi iliongezeka kwa asilimia 13. Kisha wakaruhusiwa kuchagua wenyewe, na karibu nusu yao wakarudi ofisini, kwa kuwa upweke uliwashinda. Mnajua ongezeko likawa kiasi gani baada ya kila mtu kuchagua? Asilimia 22. Hakuna meneja aliyejua nani anafaa nyumbani na nani anafaa ofisini. Kila mfanyakazi alijijua.

Sasa nawaomba mambo, na nayaomba kwa dhati. Mwenye karakana, wiki ijayo mwite fundi wako mkuu, mwambie kwamba akiokoa mali ghafi, sehemu ya akiba hiyo ni yake, na mwandikiane ni sehemu gani. Akikuletea wazo linalopunguza kazi, usimpunguze yeye wala mwenzake. Viongozi wa soko, kaeni na wauzaji wa bidhaa moja tu, nyanya, mchele, au asali, muulizane alama gani mnaweza kuilinda pamoja, na nani atatolewa akiichafua. Na ninyi vijana mnaotafuta mada ya utafiti, acheni kunakili madodoso ya zamani. Chukueni daftari na mizani, nendeni soko la Mawenzi hapa mjini, mkahesabu kinachotupwa na mkaulize anayekitupa analipwaje.

Ndugu mwenyekiti, nimemaliza upande wangu na muda wa maswali upo. Naomba kipaza sauti kisianzie meza kuu. Kianzie kwa mafundi waliosimama pale mlangoni, na naomba matajiri wao wawasikilize kwanza bila kuwajibia.